Mafunzo ya ufundi kwa vijana wasio na uwezo, tunajuaje kama yanasaidia?

Mkazi wa Nkuhungu: Wana Dodoma habari. Kila mafunzo yakiisha ni vyeti na picha, wamehitimu kadhaa, basi. Baada ya mwaka wangapi wanaingiza hela? Nani anawafuatilia?

Kijana wa Bahi: Kufuatilia peke yake hakutoshi. Marekani kwenye ile JTPA, sheria yao ya 1982 ya mafunzo ya kazi kwa wasio na uwezo, waombaji kama 20,000 waligawanywa kwa kura ya bahati nasibu, wengine wakafundishwa, wengine wakakaa nje mwaka na nusu, ndo wakalinganisha vipato. Watu wazima walipanda kidogo, vijana hawakuona faida. Walilinganisha hivyo sababu mtu huja mafunzoni kipato kimeshaanguka, hata asingesoma angejiinua kidogo, we ukimfuatilia tu unasifia mafunzo. Sisi tunagawa vyerehani tu, cherehani nacho ni ajira?

Mama Kizota: Cherehani si ajira? Mwanangu umeniudhi. Nina watoto watatu wamesoma kwa cherehani hicho hicho, mwezi wa kumi na mbili silali kwa sare za shule, halafu unakuja kusema si ajira!

Kijana wa Bahi: Shikamoo mama, sikukulenga wewe. Nasema mtaa mmoja ukitoa mafundi watano, wateja watatoka wapi na mitumba yote ile ya soko la Sabasaba?

Fundi Majengo: Mitumba ndo inanilisha mimi kaka, nusu ya kazi yangu ni kupunguza suruali za mitumba. Ulizeni kwanza fundi.

Mkazi wa Nkuhungu: Jamani turudi kwenye mada. Na hiyo kura naikataa, umnyime mtoto wa maskini mafunzo ili umpime?

Kijana wa Bahi: Kwani saa hizi hanyimwi? Nafasi hazitoshi, wanaingia wanaojuana na mwenyekiti wa mtaa. Bora kura.

Binti wa Chamwino: Mimi nilisoma ushonaji miezi mitatu, cheti ninacho, cherehani sina. Mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato yao ya ndani wanayotengea vijana, wanataka kikundi, kikundi chetu kikavunjika. Kwenye ripoti yao najua nimehesabiwa nimefaulu.

Mama Kizota: Binti njoo Kizota ukae na mimi, ovaloki, mashine ya kumalizia kingo za nguo, ninayo. Na huyo wa Bahi bado hajaniomba radhi, shikamoo si radhi.