Ulinganisho: kulungu wa jangwani kwenye ranchi binafsi, Texas Magharibi au Sonora?

Baba Salma, Houston

Assalamu alaikum ndugu zangu, na wazee wetu shikamooni. Baada ya kuweka akiba kwa miaka mitatu, nimepania msimu huu kumwinda yule kulungu wa jangwani mwenye masikio kama ya nyumbu (mule deer), na nimebaki na nafasi mbili. Ya kwanza ni ranchi binafsi huku Texas, kati ya Marfa na Van Horn, siku 5, mwongozaji mmoja kwa wawindaji wawili, dola 5,800. Ya pili iko Sonora, Meksiko, upande wa Caborca, siku 7, mwongozaji ni wangu peke yangu, dola 9,500. Wote wanataka nusu ya fedha kabla ya mwisho wa mwezi. Mngekuwa ninyi mngechagua ipi?

Mzee wa Rungwa, Dallas

Wa alaikum salaam mwanangu, marahaba. Umetupa bei mbili na ramani, ila yale yanayoamua hukuyasema. Ranchi ina ekari ngapi, na kwa msimu mzima wanaingiza wawindaji wangapi? Ina uzio wa kawaida wa ng'ombe, au ule mrefu wa futi 8 unaomfungia mnyama ndani? Ukimjeruhi na asionekane, mkataba unasemaje? Wewe mwenyewe unapiga shabaha ya uhakika kwa yadi ngapi? Tena hati zako za ukaazi ni zipi? Aliyeko Marekani kwa viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi kushika bunduki, isipokuwa awe na msamaha wa kisheria, kama vile leseni halali ya kuwinda. Jibu hayo kwanza, ndipo tuzungumze habari ya Marfa na Caborca.

Dada wa Tucson

Nakubaliana na mzee juu ya maswali, lakini sitaficha kwamba mimi ni mtu wa Sonora. Kule wanyama huwindwa kwenye ardhi ya watu binafsi iliyosajiliwa kwa mpango uitwao UMA, ambao serikali ya Meksiko iliuanzisha mwaka 1997, na kila ranchi hupewa idadi ya vibali vyake. Msimu wenyewe ni Desemba na Januari, wakati madume yanapoanza kufuata majike na kusahau uangalifu. Kilichonivutia zaidi ni namna ya kuwinda: asubuhi wachunga ng'ombe wa ranchi huchukua nyayo mbichi mchangani na kuzifuata kwa saa nyingi, wakikwepa miiba ya dungusi kakati, bila kusema neno. Nilimfuata dume mmoja tangu jua linachomoza hadi adhuhuri, na nilipomwona, alikuwa amelala chini ya mti wa mesquite, masikio tu ndiyo yakigeuka. Sikupata nafasi ya kufyatua, na bado nasema siku ile ilistahili gharama yote.

Baba Salma, ujue tu kwamba bunduki yako haivuki mpaka bila kibali cha jeshi la Meksiko, ambacho mwenyeji wako hukuombea mapema, na kabla ya kuvuka uiandikishe kwenye fomu 4457 ya forodha ya Marekani ili usisumbuliwe wakati wa kurudi.

Baba Salma, Houston

Ahsanteni. Nina kadi ya kijani, kwa hiyo upande wa hati hakuna tatizo. Ranchi ya Texas wanasema ni ekari 14,000 na uzio ni wa ng'ombe. Idadi ya wawindaji sikuuliza, wala habari ya mnyama aliyejeruhiwa. Shabaha ninapiga kwenye uwanja wa mazoezi, yadi 100, nikiwa nimeketi kwenye meza.

Mwana wa Minneapolis

Kaka, kwa kuwa hukuuliza idadi ya wawindaji, naomba nikusimulie yaliyonipata Texas hiyohiyo, na jina la kampuni nitaliacha.

Nililipa leseni ya mtu wa nje ya jimbo, dola 315, nikalipa nusu ya bei ya safari, nikaendesha gari siku mbili. Tangazo lilitaja ranchi kubwa. Nilipofika nikakuta wawindaji wanane kambini, na eneo letu lilikuwa kipande kidogo tu walichokodi, kwa kuwa sehemu iliyobaki ilikuwa ya mtu mwingine. Kila alfajiri magari matatu yalipita barabara ileile ya vumbi. Hatukupanda kilima hata kimoja kukaa na darubini, ingawa kila mtu anayemjua mnyama huyu atakwambia kwamba kazi kubwa ni kukaa juu, kutazama mabonde mapema, na kumwona kabla hajakuona.

Siku ya tatu jioni mwongozaji alisimamisha gari akaniambia, "Yule pale, piga." Alikuwa yadi kama 280, upepo ukivuma kutoka kushoto, nami nikihema. Nilitaka kwanza nilinganishe pembe na masikio, kwa sababu masikio yakisimama, ncha hadi ncha ni takribani inchi 21, na katika baadhi ya wilaya za Texas dume halali ni yule ambaye pembe zake zimetanuka inchi 20 au zaidi. Aliniharakisha. Nilifyatua, mnyama akaruka kwa miguu yote minne kama wafanyavyo, akapotelea bondeni. Tulikuta tone moja la damu juu ya jiwe jeupe, halafu la pili kwenye jani la lechuguilla, kisha hakuna tena. Tulitafuta kwa tochi kwa nusu saa tu, mwongozaji akasema giza limeingia. Asubuhi hawakunirudisha pale. Mkataba ulisema damu ikimwagika mwindo umekwisha, nami nilikuwa nimeusaini bila kuusoma sawasawa. Fedha iliniuma, lakini kinachonirudia usiku hadi leo ni yule mnyama.

Mzee wa Rungwa, Dallas

Pole sana kijana wangu. Nusu saa si kutafuta. Rungwa tulikuwa tukilala pale damu ilipoishia, tukaanza tena kwa mwanga wa kwanza.

Na hapa ndipo tofauti ya mifumo inapoonekana. Kwetu Tanzania mwindaji wa kitalii huingia kwenye kitalu kilichogawiwa na serikali, na askari wa wanyamapori huandamana naye. Texas, sehemu kubwa mno ya ardhi ni ya watu binafsi, kwa hiyo ingawa mnyama ni mali ya umma, mwenye geti ndiye mwenye kauli, na ulinzi wako mkubwa ni maandishi ya mkataba. Baba Salma, yadi 100 mezani hazitoshi. Jifunze kupiga ukiwa umekaa chini, bunduki ikiegemea mkoba, hadi yadi 250, la sivyo usiende popote.

Ummu Khalid, Columbus

Samahanini, kuna jambo halijaguswa. Ugonjwa wa prioni (protini zilizoharibika) unaowakondesha kulungu ulionekana Texas kwa mara ya kwanza mwaka 2012, kwenye milima ya Hueco, na ulikuwa kwa kulungu wa aina hii hasa. Haijathibitika kwamba umempata binadamu, lakini mamlaka za afya hushauri nyama ipimwe na usile ikiwa mnyama amekutwa nao. Kwa sisi Waislamu kuna pia kusema bismillahi kabla ya kufyatua, na kumchinja ukimkuta angali hai. Mwambie mwongozaji mapema, maana wengi hawapendi shingo ikatwe kwa mbele, wakihofia kuharibu ngozi ya mnyama wa kutundikwa ukutani.

Dada wa Tucson

Hilo la ngozi ni kweli, dada. Wangu wa Sonora walikubali nilipowaeleza siku ya kwanza.

Mpemba wa Toronto

Naomba kuuliza, je, ni sahihi kumwita kulungu? Kulungu wa kwetu ana pembe za kudumu, ilhali huyu huziangusha kila mwaka na kuota nyingine.

Mzee wa Rungwa, Dallas

Hoja ni ya kweli, ila jina limeshazoeleka, na hata nyumbu kwetu ni wanyama wawili, yule wa mbugani na yule chotara wa punda na farasi.

Baba Salma, Houston

Nimewapigia Texas leo mchana. Wanaingiza wawindaji 12 kwa msimu mzima, wanne kwa wakati mmoja, na kwa dola 1,500 zaidi naweza kuwa na mwongozaji peke yangu. Kuhusu mnyama aliyejeruhiwa, wanatafuta hadi jioni ya siku inayofuata, kisha mwindo unahesabiwa umekwisha. La kuchinja, aliyepokea simu amesema atamuuliza mwenye ranchi, kwa hiyo sijalipa. Sonora bado hawajajibu barua yangu. Mzee, kesho nakwenda uwanjani na mkoba. Nianze na yadi 150 au moja kwa moja 200?