Mnabishana kuhusu pasipoti ya Gurnah, riwaya zake hamzisomi

Wakuu, hili limenikaa rohoni muda mrefu na leo nalitoa.

Tangu Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah alipotangazwa mshindi wa Nobel ya fasihi, kila jina lake likitajwa ubishi ni ule ule. Ni Mtanzania au ni Muingereza? Mbona aliondoka Zanzibar? Mbona anaandika kwa Kiingereza? Watu wanajaza kurasa. Sasa muulize mmoja wao kuhusu wahusika wake, Yusuf ni nani. Kimya. Khalil je? Kimya. Mtu ana msimamo mkali juu ya uraia wa mwandishi na hajafungua hata sura moja ya kitabu chake!

Nimemaliza kusoma Peponi, yaani Paradise kama alivyoitafsiri Ida Hadjivayanis, nikaunganisha na Theft, iliyotoka 2025. Nina hasira zaidi ya nilivyoanza, maana sasa najua tulichonyimwa.

Paradise ilitoka 1994. Mwaka huo huo ikaingia kwenye orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker, tuzo kubwa ya riwaya ya Uingereza, kwa hiyo hakuna wa kusema haikujulikana. Kwa Kiswahili imetoka 2022. Miaka 28! Riwaya ya misafara ya biashara kutoka pwani kwenda bara, ya wapagazi na mnyapara wao, ya Wajerumani wanaoingia wakati wafanyabiashara bado wanadhani nchi ni yao. Hii ni habari ya babu zetu, na ilibidi watu wa Stockholm watoe tuzo kwanza ndipo sisi tuamke. Nimesoma hadi kidato cha sita, sikuwahi kulisikia jina la mwandishi huyu darasani.

Na hata baada ya kutafsiriwa, kipate! Nipo Mwanza. Niliingia duka kubwa la vitabu, muuzaji akaniuliza ni cha kidato cha ngapi. Nikamwambia si cha shule, ni riwaya, nataka kusoma tu. Akanionyesha rafu nzima ya vitabu vya kiada na vya maswali na majibu. Mwishowe ndugu yangu alikinunua Dar akanitumia kwa basi. Mtu mzima kutaka riwaya ya Kiswahili kwa sababu tu anapenda kusoma, hilo madukani halijulikani.

Sasa tuzungumzie kitabu chenyewe, maana hakuna anayekizungumzia. Yusuf ana miaka kumi na miwili wazazi wake wanapomkabidhi kwa Aziz, tajiri aliyemzoea kwa jina la ami. Anapanda treni akidhani anakwenda kutembea. Dukani anamkuta Khalil, kijana aliyemtangulia, na huyo ndiye anayemweleza ukweli: huyu si ami yako, baba yako anadaiwa, wewe ni rehani. Sijasoma ukatili ulioandikwa kwa sauti ya chini namna hii. Aziz hapigi mtu wala hafoki, ananukia manukato, anamtendea Yusuf kwa upole, na mwisho wa siku anammiliki. Tumezoeshwa riwaya ambazo mbaya anatambulika ukurasa wa kwanza kwa jina lake na kitambi chake. Hapa unampenda Aziz, halafu unajichukia kwa kumpenda.

Na wale wanaosema Gurnah anaandika kuwafurahisha wazungu, hivi mmesoma safari ya kwa Chatu, mtawala wa huko bara? Msafara unanyang'anywa mali na watu wanapigwa kwa sababu mfanyabiashara mwingine aliwahi kuwadhulumu watu wa pale. Mwandishi hamwonei haya mtu. Anawaonyesha watu wa pwani wakiwaita wa bara washenzi, anaonyesha watu wakifanywa bidhaa kabla Mjerumani hajakaa sawa. Hayo ndiyo tunayoyakwepa kila siku, na ndiyo maana nasema tulimhitaji miaka hiyo 28.

Theft ni ya Zanzibar na Dar ya juzi tu, mahoteli, watalii, vijana waliosoma na wasiosoma. Badar anapelekwa kuwa mtumishi kwenye nyumba ambayo mzee wa nyumba anamchukia kwa kosa la baba yake Badar, ambaye Badar mwenyewe hata hamkumbuki. Ni Yusuf yule yule, karibu miaka mia baadaye, mtoto analipa deni asilolikopa! Nilipoliona hilo nilikifunga kitabu kwa muda. Siifichi kasoro yake. Yule dada wa kujitolea kutoka Uingereza hana uzito, kaletwa ili ndoa ya Karim na Fauzia, vijana wasomi wa riwaya hiyo, ivunjike, na Karim anabadilika haraka mno. Lakini Badar anabaki nami. Je, vijana wanaotandika vitanda kwenye mahoteli ya Nungwi na Paje watamsoma lini? Tukienda kwa mwendo wa Paradise, ni 2053.

Wachapishaji mtasema soko hakuna. Soko mnalijuaje wakati kitabu hakifiki Mwanza, Tabora wala Mtwara? Pelekeni nakala ishirini kila mkoa ndipo mseme. Wizara nayo inunue vitabu hivi iviweke kwenye maktaba za mikoa, watu waazime.

Na nyie wa ubishi wa pasipoti, kisomeni kwanza. Kwa aliyeisoma Peponi hadi mwisho nina jambo linaloninyima raha. Wajerumani wamepita na askari wao wakikamata watu, Yusuf amejificha, amesalimika. Halafu anatoka mwenyewe na kuukimbilia msafara wa wale wale waliokuwa wakikamata watu. Mimi naona hakuwa na njia, maana kurudi dukani ni kubaki rehani maisha yake yote. Rafiki yangu anasema amewatelekeza Khalil na Amina, msichana aliyempenda, kwamba ni mwoga. Leteni hoja, ila ziwe za mtu aliyefika ukurasa huo.