Kelele ndogo, jibu "shusha injini": nimechoka na mafundi wanaobahatisha kwenye 911 za hewa

Wakuu, leo nimekasirika na nitasema yote.

Gari ni Porsche 911 SC, silinda sita zilizolala, injini ya kupozwa kwa hewa. Ilianza kutoa sauti ambayo haikuwepo: tik-tik-tik kali ukiiwasha ikiwa baridi, upande wa kushoto, inazidi ukikanyaga mafuta, kisha inafifia injini ikishapata moto. Nikaipeleka gereji inayojinadi kwamba magari haya ndiyo kazi yake. Fundi akasimama nyuma ya gari, akapiga resi, akazima, akatoa hukumu papo hapo: "Tensheni za cheni zimekufa na konrodi inagonga. Shusha injini tufanye ovahoo."

Hakufungua kifuniko hata kimoja. Hakuuliza sauti inaanza lini wala inaisha lini. Geji ya oili iko pale kwenye dashibodi, hakuitupia jicho. Halafu nikadaiwa hela ya uchunguzi. Uchunguzi upi?

Tuanze na hizo tensheni, yaani vikazio vya cheni zinazozungusha kamshafti. Ni kweli SC zilitoka kiwandani na tensheni zenye sifa mbaya, na ikifa moja cheni inaweza kuruka meno, valvu zikakutana na pistoni. Hilo si la kuchezea, na kama cheni inapiga kelele huko nyuma kwenye vifuniko vyake, zima injini. Lakini ndiyo maana 911 Carrera 3.2 ya 1984 ikaja na tensheni zinazolishwa oili kwa presha, na wenye magari ya kabla ya hapo wengi wamefunga hizo hizo. Yangu inazo. Vibomba vya oili vinaonekana kwa macho, vinaingia kwenye vifuniko vya cheni. Sasa mtu anayelaumu tensheni bila hata kutazama ni za aina gani, amejuaje?

La konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na krenki, ndilo lililoniudhi zaidi, kwa sababu gari lenyewe lilikuwa linampinga. Beringi ya konrodi ikiliwa, sauti yake ni nzito, inatoka chini, na inakuwa mbaya zaidi oili ikipata moto, maana oili ya moto ni nyepesi na haijazi tena nafasi iliyoachwa na beringi. Mara nyingi presha ya oili nayo inashuka. 911 ya namna hii yenye afya, oili ikiwa ya moto, inatakiwa kuonyesha kama bar 5 kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika, na yangu ilikuwa inasoma hapo. Sauti yangu ilikuwa kali kwenye baridi na ilipungua kwenye moto. Kinyume kabisa! Sauti inayokufa injini ikipata joto inakuambia utafute mahali ambapo chuma kikitanuka kinaziba tundu. Hii ni elimu ya kwanza ya fundi wa injini, na mtu anayetaka kunifungulia injini nzima hana.

Kama bado ana wasiwasi na konrodi, zipo njia za kuhakikisha kabla ya kugusa boliti moja ya kushushia injini. Kata filta ya oili, kunjua karatasi yake, tazama. Pitisha sumaku: vumbi la chuma litanasa, la beringi halitanasa, lakini utaliona linang'aa. Au chukua taa ya taimingi, ifunge kwenye waya wa plagi moja. Taa inawaka mara moja kila krenki ikizunguka mara mbili. Sauti ikienda sambamba na mwanga, shida iko kwenye valvu, kamshafti au mlipuko wa silinda. Ikigonga mara mbili kwa kila mwako wa taa, hapo ndipo uanze kuishuku krenki na jamaa zake. Taa hiyo ipo kwenye kila gereji.

Fundi mwingine, mtu mzima asiyependa maneno mengi, aliniambia niliache gari langu lilale hadi lipoe kabisa. Alipoliwasha alichukua mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine akaipitisha taratibu chini ya silinda za kushoto, pale ekzosi inapounganika na hedi. Akasimama. Akazima, akapitisha kidole, kikatoka na masizi. Stadi ya ekzosi (boliti isiyo na kichwa) ilikuwa imekatika kwa kutu, gasketi inavuja, moshi unapiga tik kila silinda ile ikilipuka. Stadi ikatolewa kwa drili, ikawekwa mpya na gasketi mpya. Kelele imekwisha. Injini haikushuka.

Na yeye hakuridhika hapo. Alifungua vifuniko vya valvu vya chini pia, kwa sababu SC zina stadi za Dilavar (aina ya aloi ya chuma) zinazoshika hedi kwa upande wa ekzosi, na zile zikikatika huvujisha kwa sauti inayofanana sana na hii. Huwa unaikuta nati imelala ndani ya kifuniko. Ingekuwa hiyo, ningekubali injini ishuke bila ubishi. Palepale akapima tapeti, yaani nafasi ya valvu, milimita 0.10 injini ikiwa baridi, zote zikawa sawa.

Sasa nigeukie kundi la pili, maana nao wamenichosha vilevile: wale wa "tulia mkuu, hizi zote zinalia hivyo." Ndiyo, injini ya hewa ina kelele. Haina maji ya kumeza sauti, ina mapezi ya alumini, ina feni kubwa inayovuma, ina cheni mbili. Lakini mwenye gari anaijua sauti ya gari lake, na sauti mpya ni mpya! Ukimwambia mtu atulie wakati cheni yake inapiga, umemuulia injini. Kuna mwenye 993, 911 ya miaka ya tisini, aliyeambiwa "piga tapeti" wakati 993 ina tapeti za haidroliki, hakuna cha kurekebisha pale. Zikigonga kidogo baada ya gari kulala muda mrefu, mara nyingi zinasubiri oili ijae. Mwingine analalamikia mkwaruzo unaotoweka akikanyaga klachi, anashauriwa afungue injini, wakati dalili hiyo inaelekeza kwenye giaboksi au flaiwili. Na mlio wa feni? Fungua mkanda, washa sekunde chache tu injini ikiwa baridi, uone kama mlio umeondoka nao. Beringi ya alterneta imewafanya watu wengi waogope bure.

Kwa ile gereji: sidai samahani. Nadai ile hela ya uchunguzi irudi, kwa sababu uchunguzi haukufanyika. Mwenye gari yeyote atakayeambiwa "shusha injini" aulize maswali matatu kabla ya kukubali: umeisikiliza ikiwa baridi na ikiwa moto? Umefungua vifuniko vya valvu? Filta ya oili iko wapi niione? Akikosa majibu, chukua ufunguo wako uondoke.