Waongozaji wa michezo ya jukwaani, acheni kuagiza bango la mchezo ambao dizaina hajausoma!

Wakuu, salaam. Leo nimekasirika na sitazunguka.

Mwongozaji mmoja kanipigia simu, anataka bango la mchezo wa kuigiza, tena keshokutwa. Nikaomba mswada. "Mswada wa nini? Wewe weka picha za waigizaji na jina la mchezo, lipendeze." Nikamuuliza basi unahusu nini. "Mapenzi na usaliti." Michezo mingapi inahusu mapenzi na usaliti? Huu wako una nini ambacho ile mingine haina? Hakujibu.

Nikisoma mswada huwa natafuta kitu kimoja tu. Kiti ambacho hakuna anayethubutu kukikalia. Barua isiyofunguliwa mpaka onyesho la mwisho. Ufunguo unaopita mikononi mwa kila mhusika. Nikishakipata, rangi, aina ya herufi na hata nafasi tupu ya kuacha vinatokana nacho. Usiponipa mswada nitakuwekea nyuso na moto nyuma yake, ndiyo maana mabango yetu yanafanana hivi!

Na hizo nyuso ndizo zinazonichosha kuliko yote. Unapeleka rasimu yenye picha moja nzito, inarudi: "Mbona fulani hayupo? Atanuna." Unamwongeza. Kesho mwingine kanuna. Mwisho kikundi kizima kimepangwa kama picha za pasipoti, nembo za wadhamini zimejaa, na tarehe, saa na ukumbi vimesukumwa pembeni kwa herufi ndogo zisizosomeka. Mpita njia hasimami kukagua bango. Asipoona upesi ni lini na wapi, keshapita, na kiti chake ukumbini kitabaki kitupu. Kila mwigizaji anaweza kutengenezewa picha yake ya kuweka mtandaoni, kwa rangi na herufi zilezile za bango. Nimelipendekeza hilo mara nyingi, hawataki.

Picha zenyewe nazo zimepita WhatsApp hadi zimechoka, na nembo imekatwa kwenye picha ya skrini. Bango la karatasi ya ukubwa wa A3, likichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, linahitaji picha ya pikseli takriban 3,500 kwa 4,960. Ukinipa ya pikseli 600 ikatoka na ukungu, lawama ni zangu. Bluu iliyong'aa kwenye simu ikififia karatasini, lawama ni zangu pia, ilhali niliomba tuchape nakala moja ya majaribio nikaambiwa hakuna muda.

Tena mtu asinitajie Alphonse Mucha, yule mchoraji wa mabango wa zamani. Kila nikilalamikia muda naambiwa yeye alimchorea mwigizaji Sarah Bernhardt bango la mchezo wa Gismonda kwa haraka mwishoni mwa 1894, likabandikwa Paris tarehe 1 Januari 1895. Sawa, lakini litazameni lile bango! Mtu ni mmoja, Bernhardt mwenyewe, kasimama na vazi lake la jukwaani, kashika tawi la mtende. Jina la mchezo liko juu, la ukumbi chini. Na mchezo ulikuwa umeshaanza kuonyeshwa tangu Oktoba, kwa hiyo kulikuwa na kitu cha kuchora, si maneno mawili ya kwenye simu. Baadaye Bernhardt alimpa mkataba wa miaka sita, naye Mucha akambunia hadi mandhari ya jukwaa na mavazi. Bernhardt alimweka ndani ya kazi. Sisi tunaitwa mwishoni, tiketi zikishaanza kuuzwa.

Kazi ya yule mwongozaji nimeikataa. Anayetaka bango kwangu alete mswada, aniruhusu kukaa kwenye mazoezi walau mara moja, na ateue mtu mmoja wa kupitisha rasimu. Mmoja, si kikundi kizima.

Madizaina wenzangu mnaofanya kazi za jukwaani, kwenu mswada mnapewa? Na mkinyimwa mnafanyaje?