Mjadala: Historia ya kanisa ianze na Wakefield au na watoro?

Wadau, shikamooni wakubwa. Kamati ya kanisa letu dogo la Kimethodisti huku Kilifi inaandaa kijitabu cha historia, na rasimu imenikera. Inafungua hivi: mwaka 1862 mmisionari Mjerumani Krapf akamleta Mwingereza Thomas Wakefield kijijini Ribe, huku pwani, Umethodisti ukaingia. Kurasa tatu ni za wamisionari, halafu orodha ya wachungaji, halafu picha ya paa jipya.

Sibishi kwamba walikuja, na waliumia. Mmisionari mwenzake, Charles New, alifika 1863. Rebecca, mke wa Wakefield, alifia Ribe mwaka 1873. Lakini mhubiri hahubirii miti. Nani walikuwa wakimsikiliza? Waribe wachache, Waoromo, na watoro, yaani watumwa waliokimbia mabwana zao wa pwani wakajificha misheni. Mabwana waliwadai warudishwe, na wamisionari wenyewe hawakuwa na msimamo mmoja. Mwaka 1888 kampuni ya Kiingereza iliyoitwa Imperial British East Africa ikatoa fidia ili watoro wa misheni wapate uhuru. Pesa hizo alipewa nani? Bwana. Aliyelimishwa bure hakuona hata senti. (Hili peke yake lingetosha ukurasa mzima, ila kwenye rasimu halimo.)

Nilipolisema kikaoni, mzee mmoja alinivuta pembeni. "Mwanangu, ukiandika watoro, kuna milango humu kijijini itanyooshewa vidole. Kuna posa zitavunjika." Sikuwa na jibu, maana hachezi. Neno hilo bado linatupwa watu wakigombania shamba.

Ila nimeshika daftari la zamani la ubatizo, lile lenye jalada lililoliwa na mchwa. Yohana. Maria. Petro. Safu ya jina la baba iko wazi, mstari kwa mstari, ukurasa mzima. Wino wa jina la mbatizaji ndio mzito kuliko wote.

Najua wengine mtasema bila Wakefield daftari lenyewe lisingekuwepo. Sawa, awekwe, lakini ukurasa wa pili. Wa kwanza uwe wa watoro, bila kutaja ukoo wa mtu yeyote, ili lile onyo la mzee liheshimiwe.

Nyinyi ambao wazee wenu walibatizwa Ribe, Jomvu au Mazeras: kwenu neno "mtoro" hutamkwa mezani, au husubiri watoto walale?