Nianzie wapi kusoma vitabu vya katuni?

Wadau, nataka kuanza kusoma hadithi za katuni, ila mfululizo mmoja una matoleo mamia. Nianze na namba 1? Na ukurasa ukijaa picha, jicho lipite wapi?

— Mkuu, achana na namba 1 ya mashujaa wa miaka ya 1960, utachoka mapema. Chukua hadithi inayoishia ndani ya kitabu kimoja. Mfano ni Watchmen, katuni ya mashujaa ya Kimarekani: ilitoka kwa matoleo 12 kati ya 1986 na 1987. Sasa yote yamo kwenye juzuu moja. Tazama mgongo wa kitabu: ukiona namba 4, kuna vitatu umevikosa.

— Jicho liende kushoto kwenda kulia, kisha lishuke. Kiputo, yaani duara lenye maneno ya msemaji, cha juu kushoto ndicho kinachosemwa kwanza. Mkia wake unamwelekea msemaji. Ukiwa viduara, hayo ni mawazo. Wengi hukimbiza maneno wakaruka picha, halafu wanalalamika hadithi haieleweki. Fremu (kisanduku cha picha) isiyo na neno mara nyingi ndiyo imebeba tukio lenyewe.

— Manga, yaani katuni za Japani, ni kinyume: kulia kwenda kushoto, unafungulia kule unakodhani ni mwisho. Majibu yakitangulia maswali, ujue umekosea upande.