Wenye air fryer nyumbani, tupeane uzoefu: mlitegemea nini, mkapata nini?

Mama Wawili wa Goba

Habari zenu wakuu. Naomba nieleze kilichonikuta, halafu mniambie kama nimekosea mimi au nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mume wangu aliambiwa na daktari apunguze mafuta, na nyumba yangu ni ya chipsi: watoto chipsi, baba chipsi. Nikaona video mtandaoni, dada anatupia viazi kwenye kikapu, kijiko kimoja cha mafuta, dakika 15 vinatoka rangi ya dhahabu, ukivunja vinalia. Zamu yangu ya mchezo ilipofika nikaenda Kariakoo, nikachukua ya lita 4, wati 1500, kwa laki moja na thelathini.

Siku ya kwanza nikamenya kilo nzima, nikajaza kikapu mpaka juu, kijiko cha mafuta, nyuzi 200 kwa dakika 15. Nafungua: vya juu vimekauka ncha kama vijiti vya kiberiti, vya katikati vyeupe vimelala kama vimechemshwa, vya chini vimeshikana. Mwanangu wa mwisho akachukua kimoja, akakiangalia, akakirudisha. Baba yao akala bila kusema neno, na wenye waume mnajua ukimya wa namna hiyo.

Mlio nayo muda mrefu semeni ukweli. Ya kwenye video tuwaachie wenye video. Jikoni kwako inafanya nini, na nini haifanyi?

Fundi Waya

Dada hujauziwa mbuzi. Jina ndilo linalotudanganya. Mimi ni fundi umeme, nimefungua hizi fraya nyingi tu. Ndani kuna koili ya moto juu, feni juu ya koili, themostati na taimu, basi. Ni oveni ndogo yenye feni kali. Philips waliitoa sokoni mwaka 2010, lakini oveni za feni wenye bekari walikuwa nazo zamani sana. Hakuna kukaanga mle, ni kuoka.

Kwenye karai mafuta ya moto yanakigusa kiazi pande zote kwa mpigo. Hewa inabeba joto kidogo mno ukilinganisha na mafuta, ndiyo maana feni inapuliza kwa nguvu vile na lazima upepo upate pa kupita. Wewe ulijaza mpaka juu, ukaziba njia, vya katikati vikapikwa na mvuke wa wenzao. Nusu kikapu, mwisho theluthi mbili, na utikise kila baada ya dakika saba hivi. Familia ya watu sita ujue utapika awamu mbili au tatu. Hilo muuzaji hawezi kukwambia.

Kuhusu umeme, maana najua ndilo swali linalofuata. Nilizima friji na kila kitu, nikasoma mita ya LUKU, nikaoka kuku wa vipande dakika 30 kwa 190, nikasoma tena. Ilikula uniti 0.6. Haikufika 0.75, ambayo wati 1500 zingekula kwa nusu saa, kwa sababu themostati inakata na kuwasha. Kwa tarifu ya kawaida hiyo ni kama shilingi mia mbili na ushee. Ila ninyi mnaonunua zile uniti 75 za mwezi za bei nafuu pigeni hesabu: ukiiwasha mara moja kila siku ni uniti 18, karibu robo ya mgao wako. Ukivuka 75 utaijua bei ya watu wazima.

La mwisho, msiichomeke kwenye ekstensheni ya elfu tano pamoja na birika na pasi. Fraya peke yake inavuta ampea sita na nusu. Mwezi uliopita nimebadilisha soketi moja Tabata, plagi ilikuwa imeyeyuka ikashikana na soketi, nikaitoa kwa plaizi.

Mama Wawili wa Goba

Fundi, hapo kwenye ekstensheni umenisema mimi. Nimeshaihamisha.

Chips Dume Mstaafu

Nimekaa banda la chipsi Sinza miaka minne, kwa hiyo kwenye viazi niacheni niongee.

Chipsi za banda zinaogelea kwenye mafuta, na sehemu nyingi zinaingia mara mbili: kwanza ziive, ziwekwe pembeni, mteja akija zinarudi ziive rangi. Ladha mnayoitafuta ni mafuta yenyewe. Fraya haiwezi kukupa kitu ambacho hukukiweka. Ukikubali hilo kwanza, utapata chipsi nzuri za aina yake.

Kata unene mmoja, kama kidole cha mwisho cha mkono. Loweka nusu saa, mwaga yale maji meupe, ile ni wanga na ndiyo inayovigandisha. Kisha kausha kwa taulo. Narudia, kausha, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kiazi chenye maji kinachemka kwanza kabla hakijaanza kuoka. Nusu kilo, kijiko kimoja na nusu cha mafuta, changanya kwa mkono kila kipande kipate. Washa mashine tupu dakika tatu. Weka 180 kwa dakika 15 ukitikisa, halafu pandisha 200 kwa dakika sita au saba. Chumvi mwisho. Na viazi msiviweke kwenye friji kabla ya kupika, baridi inageuza wanga kuwa sukari, vinatoka vyeusi na vichungu kabla ndani hakujaiva.

Chipsi mayai msijaribu. Nimejaribu mimi, mtu mwenye cheti cha mtaani, na yai lote likashuka matunduni.

Bibi wa Ngamiani

Wanangu hamjambo. Mimi binti yangu aliniletea hiyo mashine Shaabani, akasema mama mwezi mtukufu huu hutasimama kwenye karai jua la alasiri. Nikamwambia haya.

Sambusa zimekubali. Unazipanga zisilaliane, unazipaka mafuta kwa brashi pande zote mbili, nyuzi 180, dakika 12, katikati unazigeuza. Manda inakauka vizuri, ukiuma inavunjika. Si laini kama ya karai, ina ukavu kidogo, lakini mikono haijai mafuta na futari ikipoa hazilegei.

Kachori ndizo zilizoniaibisha. Nilizichovya kwenye rojo la unga kama ninavyofanya miaka yote, nikaziweka. Kwenye mafuta rojo linashikwa papo hapo. Mle halikushikwa na kitu, likateleza likapita matundu, likaanguka chini likakauka kama saruji. Kachori zikabaki uchi, na wageni wako njiani. Bagia ni yale yale, na viazi karai pia, vyote vya kuchovya. Siku hiyo nilirudisha karai mekoni nikiwa nimefunga, na binti yangu hakuwepo kunisaidia.

Maandazi nikajaribu baada ya Idi. Yaliumuka, yakapendeza, rangi nzuri. Mjukuu akakata moja akasema, bibi, hizi si skonzi? Alikuwa na haki yake. Iliki naisikia, nazi naisikia, lakini andazi silioni.

Fundi Waya

Shikamoo bibi. Nimecheka hapo kwenye saruji mpaka mke wangu amekuja kuangalia.

Bibi wa Ngamiani

Marahaba mwanangu. Njoo basi unikwangulie, bado ipo pembeni.

Mkaa Bedsitter, Nairobi

Mimi niko Nairobi, naishi peke yangu, na mtu kama mimi hiki kitu kimenisaidia sana. Ya lita mbili na nusu inanitosha. Sipiki sana, ni kupasha tu. Samosa za jana, kuku aliyebaki, viazi vya kibanda nilivyobeba usiku vikalegea kwenye karatasi: dakika nne kwa 180 na zimeamka. Mikrowevu inazifanya zikuwe kama mpira. Wasee mnaoongea chipsi, kupasha ndiyo kazi yake ya kweli, na haimalizi tokeni za stima.

Aibu yangu sasa. Nilinunua omena, nyinyi mnaziita dagaa, nikaziosha, nikazikausha juani, nikasema leo nazitengeneza bila mafuta. Nikawasha 200. Baada ya dakika mbili nikaanza kusikia tik tik tik ndani. Feni ilikuwa imezibeba. Zingine zilikuwa zimenasa kwenye koili, kichwa chini, zinawaka moja moja. Jirani akagonga akadhani naunguza nywele. Wiki mbili nyumba ikanuka ufuo wa Kisumu, na kila chakula nilichoweka humo, hata mkate, kilikuwa na roho ya omena.

Kitu chochote chepesi kitapaa. Slaisi ya mkate inapaa. Karatasi ya kuokea ukiiweka bila chakula juu yake inapaa na inashika moto. Kama ni lazima omena, ziwekee waya wa kuchomea juu uzikandamize.

Mtoto wa Kibosho

Nyie mna bahati, zenu ziliwaka. Kaka yangu yuko Marekani, akarudi Krismasi na fraya kubwa kwenye begi, zawadi ya mama. Tukatafuta ile adapta ya kubadilisha miguu ya plagi. Mama kasimama na kitenge kipya, watu wamejaa jikoni. Tukachomeka. Ikalia pa, moshi, na nyumba nzima giza. Ilidumu muda wa kusema bismillah, ingawa sisi ni Walutheri.

Fundi Waya

Pole sana. Adapta inabadilisha miguu tu, haibadilishi umeme. Kule ni volti 120, huku 230. Koili ya wati 1500 ya kule ukiipa umeme wa huku inataka kuvuta zaidi ya 5000. Na transfoma ya kuishusha ya ukubwa huo ni nzito kama mawe ya kusagia, bei yake unanunua fraya nyingine na chenji inabaki. Kabla ya kubeba kitu kutoka nje geuza chini usome kibandiko: 220 hadi 240, beba. Imeandikwa 120 tu, iache huko huko.

Dada wa Maskati

Naongezea hapo: sisi wa Omani hatuna shida hiyo, umeme wa huku na plagi ya miguu mitatu mipana vinaingia nyumbani moja kwa moja. Nimetuma mbili Unguja zinafanya kazi.

Mimi napikia samaki. Changu mzima, ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili ya kusaga, nampasua pande zote mbili, nampaka mafuta yeye na siyo kikapu tu. 200, dakika 14 hadi 18 kwa ukubwa wake. Ngozi inakauka, ndani maji yake yamebaki. Haruki mafuta, hashikani na kikaango ukabaki na mifupa. Kama mashine yangu ingekuwa inajua kupika samaki peke yake nisingeidai kitu kingine. Ila mkia unatokeza nje, inabidi niukate, na bibi yangu angeona angesema nimemtia samaki kilema.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mmegusa afya kwa juu juu. Dada mwenye uzi, kwa mumeo: ni kweli mafuta yanapungua sana ukilinganisha na kuzamisha kwenye karai. Lakini soseji ikipita kwenye fraya bado ni soseji, na kuku wa kisasa na ngozi yake bado ana mafuta yake. Kama ni presha, angalia zaidi mkono wako kwenye chumvi, mashine haina habari na chumvi. Viazi msivibabue, mwisho rangi ya dhahabu. Wanga ukiungua sana unatengeneza kitu kinaitwa akrilamaidi, kisichotakiwa. Kuku mkateni sehemu nene muangalie mfupani, nje anawahi kupendeza ndani bado mbichi. Nimeshapokea wagonjwa wa kuku wa kupendeza.

Mama Ubuyu

Na kuosha! Hakuna anayesema kuosha. Video inaishia sahani mezani. Yangu mwezi wa pili dada wa kazi aliisugua kwa stiliwaya, ule utando mweusi ukatoka kama magamba, sasa kila kitu kinashika. Sikumlaumu, sufuria zote humu ndani tunasugua hivyo na sikumwelekeza. Loweka maji ya moto na sabuni robo saa, sponji laini, imeisha. Ukiiacha mpaka kesho na mafuta ya mbuzi yameganda, ni juu yako.

Moshi mweupe ukitoka unapopika nyama ya mafuta msikimbie, ni mafuta yanadondoka chini yanaungua. Mwaga maji kidogo kwenye droo chini ya kikapu. Na ikiwa mpya iwashe tupu dakika kumi madirisha wazi, ile harufu ya plastiki iishe, siyo uanze na mchuzi wa mgeni.

Kelele pia. Kama draya ya saluni. Mtoto wangu akilala siiwashi.

Mama Wawili wa Goba

Mrejesho, wakuu. Jumamosi nimerudia. Nusu kilo, nimeloweka, nimekausha kwa taulo la chai mpaka baba watoto akauliza naviogesha vya nini. Dakika tatu tupu, 180, 200, nimetikisa mara tatu. Vimetoka vizuri, vyote rangi moja, ndani laini. Yule aliyerudisha kimoja safari hii kala, akaomba tomato. Ilibidi nipike awamu tatu, kwa hiyo wa kwanza alikuwa ameshamaliza na kuosha sahani wa tatu akisubiri.

Jumapili nimeoka mapaja ya kuku, dakika 25, hapo ndipo baba yao alipofungua mdomo. Kasema, hii nayo kumbe ni kitu. Kwa kuku tu. Chipsi kaniambia kwa upole kwamba zile za kijana wa kona tusimuache kabisa, mara moja kwa wiki mbili. Nimekubali. Maandazi nimebaki na karai langu.

Chips Dume, kuna swali: mihogo nayo inalowekwa, au ni moja kwa moja?

Chips Dume Mstaafu

Mihogo ichemshe kwanza iive nusu, ikauke, ndipo uiweke. Ukiiweka mbichi itakuwa kuni.